Nimekwama kugawa tokeni kwa wanachama 640 wa mwani, gesi inakwisha njiani na ada inaliwa

BintiMicheweni

Asalaam alaykum jamaa. Naomba msaada wa mwenye kuyajua mambo ya blokicheni, lile daftari la mtandaoni linalohifadhiwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Tangu juzi usiku sijalala vizuri, na kina mama wameshaanza kuniuliza.

Mie ni katibu wa umoja wa wakulima wa mwani huku Micheweni, Pemba. Tuko wanachama 640, karibu wote wanawake. Bamvua likifika tunashuka baharini maji yakipwa, tunavuna, tunaanika, mwani ukikauka tunapima kwa mzani wa kuning'iniza. Miaka miwili nyuma tulipata mzozo mkubwa. Karani wa mnunuzi mmoja ana daftari lake, sisi tuna letu, kilo hazilingani. Mama mmoja alileta mapolo matatu mbele ya macho yangu, kwenye daftari la karani yakasomeka mawili. Nilipoichukua ile karatasi nikaiweka kwenye mwanga wa dirisha, pale penye namba palikuwa pamekwanguliwa kwa wembe mpaka pameota kitundu. Yule mama hajui kusoma. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono bado imetota chumvi, ananisubiri mie nimwambie kama kaandikiwa sawa.

Ndipo tukakubaliana kwamba tunataka hesabu isiyoweza kukwanguliwa na mtu. Mdogo wangu amesomea kompyuta, akatuandikia mkataba janja, yaani programu inayojiendesha yenyewe, kwenye blokicheni iitwayo Ethereum: tokeni moja ni kilo moja ya mwani mkavu. Haiuzwi wala hainunuliwi. Msimu ukimalizika, tukigawana ziada ya umoja, tunatazama nani ana tokeni ngapi. Kila mwanachama ana pochi yake ya kidijitali kwenye simu, na asiye na simu janja ameandikishiwa kwenye simu ya mtoto au mjukuu. Mdogo wangu sasa yuko kazini melini, na mpaka meli ifike bandari simu yake haipatikani.

Tulijaribu kwanza na majina 20 kwenye mtandao wa majaribio, ikapita vizuri. Juzi usiku, umeme uliporudi, nikaweka orodha nzima ya watu 640 kwa mkupuo mmoja. Pochi ikakadiria gesi milioni 17 na laki tisa, kisha ikakataa kutuma. Nikaona pana kisanduku cha kuandika ukomo wa gesi kwa mkono, nikaandika 16,000,000, ikakubali. Nikasubiri. Likatoka neno moja tu jekundu: imeshindikana. Hakuna hata mtu mmoja aliyepata tokeni, lakini ether 0.016, yaani sarafu ya Ethereum inayolipia ada, zimekatwa. Hiyo ni karibu laki ya shilingi, na ni mfuko wa umoja, si wangu.

Naomba mnieleze: kwa nini nimekatwa ilhali kazi haikufanyika? Ukomo khasa ni upi? Na nikiwatumia mmoja mmoja, watu 640, nitakuwa nimeokoa au nimejiumiza zaidi?

---

FundiMlandege

Wa alaykum salaam dada. Pole sana. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili na kila kitu kinaeleweka, hata pale pesa zilipopotelea.

Nianze na makato. Gesi ni ujira wa kompyuta zinazofanya hesabu ya muamala wako. Ukomo ulioandika, 16,000,000, ndiyo ruhusa uliyowapa: fanyeni kazi mpaka hapa, msivuke. Wakaanza mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila mwanachama mpya katika mkataba wa namna yako anakula gesi kama 28,000. Gawanya mwenyewe utaona kwamba kwa mtu wa 570 hivi ruhusa ilikuwa imekwisha. Na mkataba hauna nusu. Ama wote 640 wapate ama asipate mtu, kwa hiyo walipokwama yale yote ya nyuma yakafutwa. Kazi lakini ilishafanyika, na ujira wake haurudi. Gesi milioni 16 kwa bei ya gwei 1 kila moja (gwei ni sehemu moja ya bilioni ya ether) ndiyo hiyo ether 0.016 yako.

Ukomo sasa. Ethereum ina vikomo viwili na watu wengi huvichanganya. Kimoja ni cha bloku nzima, yaani ukurasa mmoja wa daftari la mtandao, ambao hivi sasa unabeba gesi milioni 60. Cha pili ni cha muamala mmoja. Zamani hiki hakikuwepo, mtu akitaka aliweza kuujaza ukurasa mzima peke yake. Tangu mabadiliko ya Fusaka ya tarehe 3 Desemba 2025, muamala mmoja hauruhusiwi kuvuka gesi 16,777,216. Wewe ulihitaji milioni 17.9. Ndiyo maana pochi ilikataa mwanzo, na kukataa kule kulikuwa rehema, maana muamala uliokataliwa kabla ya kuingia mtandaoni haukatwi hata senti. Ulipoupunguza kwa mkono uliupa ruhusa ya kuingia bila ya kuupa uwezo wa kumaliza. Kadirio la pochi usilishushe hata siku moja. Ukiongeza kidogo juu yake hakuna neno, gesi isiyotumika inarudi.

Kutuma mmoja mmoja usifanye. Kila muamala, hata mdogo vipi, una kiingilio cha gesi 21,000, na juu yake mna ile kazi ya kupunguza salio la mtumaji kila mara upya. Mtu mmoja atakugharimu kama 51,000. Mara 640 ni zaidi ya milioni 32, karibu mara mbili ya mkupuo.

Gawa mafungu. Watu 160 kwa fungu, mafungu manne. Kila fungu litakula kama milioni 4.5, chini kabisa ya kikomo, na ulichoongeza juu ya mkupuo ni viingilio vitatu tu, 63,000. Kwa hesabu hii kukata mafungu ni kama bure.

Jambo ambalo nakuomba ulishike kuliko yote: usitume fungu la pili kabla ya kuliona la kwanza limeandikwa kwenye bloku. Mkataba wenu, kwa jinsi ulivyoueleza, haukumbuki nani ameshapewa. Ukidhani limeshindikana ukalirudia, watu 160 watapata kilo mara mbili, na hesabu isiyokwanguliwa itakuwa imeandika uongo usiokwanguliwa. Muamala ukichelewa, usianzishe mwengine mpya. Rudia kwa namba ileile ya zamu, ile ambayo kila muamala wa pochi yako hupewa kwa mpangilio, ada iwe kubwa kidogo, hapo utapita mmoja tu kati ya hiyo miwili.

---

Maalim wa Wete

Wanangu, nimesomesha hesabu skuli miaka mingi na haya mambo nayafuata kwa hamu. Naomba kuuliza, na nitafurahi Fundi akinifahamisha. Hizo 28,000 kwa mtu mmoja zinaliwa na nini? Kuandika namba moja ya kilo si jambo kubwa. Na la pili, kwa nini tuwapelekee? Kwenye karafuu mkulima anakwenda mwenyewe kituoni na mzigo wake, anapokea chake. Hawa kina mama hawawezi kuja kuchukua wenyewe?

---

FundiMlandege

Shikamoo Maalim. Maswali yako ndiyo yenyewe.

Gesi inaliwa na kuandika. Kujumlisha na kutoa ni vitu vya gesi chache mno, tatu, tano. Lakini kumfungulia mtu mstari mpya kwenye daftari, pale ambapo salio lilikuwa sifuri likawa si sifuri, ni 22,100, kwa sababu mstari ule utahifadhiwa na kila kompyuta ya mtandao kwa miaka yote ijayo. Zinazobaki ni kuitangaza habari ya malipo, kama 1,750, na kuubeba ujumbe wenyewe, kwa sababu kila baiti isiyo sifuri ni gesi 16 na baiti ya sifuri ni 4. Mtu ambaye tayari ana salio hatozwi 22,100, anatozwa 5,000.

Hapo pana faida yako dada: msimu wa pili, wanachama walewale, mtu mmoja atashuka mpaka kama 11,000. Wote 640 watakuwa kama milioni 7, wangeingia hata kwa mkupuo mmoja. Na mkigawana ziada, msizifute tokeni mpaka sifuri. Acheni japo kipande kidogo kabisa kwenye kila pochi, mstari ubaki wazi.

Kuhusu kuja kuchukua wenyewe, Maalim, njia hiyo ipo na ndiyo inayotumiwa na wakubwa. Uniswap, soko la kubadilishana tokeni mtandaoni, walipogawa tokeni zao Septemba 2020, 400 kwa kila anwani (namba ya pochi) iliyowahi kutumia huduma yao, hawakumpelekea mtu. Waliweka kwenye mkataba alama moja tu ya baiti 32, inayotokana na orodha nzima. Unachukua majina mawili mawili unayasaga pamoja kwa hesabu yawe alama moja fupi, matokeo unayasaga tena mawili mawili, mpaka libaki moja juu. Wanauita mti wa Merkle. Kwa watu 640 mti una ngazi 10, kwa hiyo anayedai analeta vithibitisho 10 tu, na mkataba unajua kama yumo au hayumo bila ya kuisoma orodha. Mgawaji analipia kuandika alama moja, ikiwa watu ni 640 au ni laki sita.

Ila ada haijapotea, imehamia kwa mpokeaji. Anayekuja kudai lazima awe na ether kwenye pochi yake, na gesi ya kudai ni kubwa kuliko ya kupelekewa. Mwenye kufanya biashara ya mtandaoni hilo si tatizo kwake. Mama wa Kiuyu ambaye hajawahi kuimiliki ether utamwambia akainunue wapi ili adai kilo zake mwenyewe? Kwa hawa mie nasema wapelekewe.

---

Mhasibu_Chake

Nami niingie. Nimewahi kuzifanyia hesabu njia mbili tatu kwa ajili ya kikundi chengine, na ninaona umuhimu wa kuzitazama kabla ya msimu ujao.

Stellar ni blokicheni nyengine, sarafu yake ni XLM, na muamala mmoja unabeba shughuli 100 na si zaidi. Kwa watu 640 ni miamala saba. Ada ya chini ya kila shughuli ni stroop 100, yaani XLM 0.00001, kwa hiyo wote pamoja hata XLM 0.01 haifiki. Mtu akiishia hapo atasema bure. Lakini kila akaunti lazima iwe na akiba ya XLM 1 isiyoguswa, na kila aina ya tokeni anayoipokea inafunga XLM 0.5 nyengine. Zidisha 1.5 kwa 640, unapata XLM 960 zilizolala. Hazijaliwa, zimefungwa, na umoja unaweza kuzidhamini kwa niaba ya wanachama. Ila lazima ziwepo siku ya kwanza. Solana nako, blokicheni yenye sarafu ya SOL, ni vivyo hivyo: ada ya saini ni ndogo mno, lamport 5,000, yaani SOL 0.000005, lakini kila mpokeaji anafunguliwa akaunti ya tokeni inayofunga kama SOL 0.002. Kwa hiyo unaposikia mtandao fulani ada yake ni ndogo, uliza na mpokeaji mpya anagharimu nini kumfungulia.

Ninayoipenda zaidi ni mitandao ya juu ya Ethereum, ile inayokusanya miamala mingi na kuipeleka chini kwa pamoja. Tangu mabadiliko ya Dencun ya tarehe 13 Machi 2024, ilipotengewa nafasi yake maalumu ya kuwekea data, ada zake zimeshuka mno. Mkataba uleule wa mdogo wako utafanya kazi bila ya kuandikwa upya. Kila mtandao una kikomo chake lakini, usichukue namba za Fundi ukaenda nazo huko ukidhani ni zilezile.

La sheria kwa ufupi. Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu za kidijitali si fedha halali nchini, na tangu Julai 2024 kuna kodi ya zuio ya 3% kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Tokeni zenu ni kumbukumbu ya kilo, si pesa. Andikeni hivyo kwenye katiba ya umoja, kwa maneno yaleyale, na msiruhusu zianze kuuzwa mitaani. Siku zitakapouzwa, mambo yatakuwa mengine.

Na orodha ya majina na anwani ibaki kwenye daftari lenu. Usiyaweke majina ya watu mtandaoni. Dunia nzima itaona fulani kavuna kilo ngapi, na hayafutiki.

---

BintiMicheweni

Allah awalipe nyote. Maalim, shikamoo, na swali lako la "zinaliwa na nini" lilinifungua macho kuliko yote. Nimekuja kutoa habari.

Jana sikutuma kitu. Nilikaa na orodha nikaipitia anwani moja moja, mwanangu ananisomea herufi nne za mwisho na mie naweka alama kwa penseli. Tukakuta anwani saba zimejirudia. Saba! Ni kina mama na binti zao wanaotumia simu moja, aliyewaandikisha akaweka pochi ileile kwa wote wawili. Ingekuwa zile milioni 16 zimetosha, wanachama 14 wangeingia wawili wawili kwenye mstari mmoja, na msimu ukimalizika mama na binti wangekuja mbele yangu kugombea kilo nisiweze kuwaamua. Namshukuru Mungu kwa kushindikana kule, japo laki imetuuma.

Nikawatoa hao 14, wakabaki 626. Nikafanya mafungu manne, 160 mara tatu na la mwisho 146. Fundi hukunambia kuhusu wakati, lakini niliona bei ya gesi inapanda na kushuka, nikaitazama siku nzima kama tunavyotazama maji. Jioni ilikuwa gwei 0.9. Leo baada ya sala ya alfajiri ilikuwa 0.2. Nikatuma fungu la kwanza na kadirio la pochi sikuligusa. Nikaweka simu juu ya meza, nikasubiri mpaka nikaliona limeandikwa, nikafungua pochi ya mama yangu mzazi aliye namba 3 kwenye orodha: 212. Ndizo kilo zake. Nikaenda la pili.

La tatu mtandao wa simu ulikatika katikati, na kusema kweli kidole kilikuwa kishakwenda kubonyeza tena. Nikakumbuka maneno ya Fundi nikaiacha. Nikatoka nje hadi kwenye mwembe ambapo mtandao hushika, nikatazama, kumbe lilikuwa limeshapita zamani. Ningebonyeza, watu 160 wangepata mara mbili.

Yote manne yamekula kama ether 0.0035. Usiku ule wa makosa peke yake ulikula zaidi ya mara nne ya hizo, na hakuna aliyepata kitu.

Nimeliandika deni la ile 0.016 kwenye kitabu cha umoja kwa jina langu, nitalilipa kwa mwani wangu wa misimu miwili. Mwenyekiti amesema si lazima, lakini nilibonyeza mie.

Swali moja limebaki. Wale 14, nikishawafungulia pochi mbalimbali, niwatume fungu lao peke yao au nisubiri niwachanganye na msimu ujao?

---

FundiMlandege

Hongera dada, umefanya kazi safi, na kule kuisoma orodha kwa penseli mie nisingelifikiria.

Watume peke yao, usiwasubirishe. Watu 14 kwa 28,000 ni kama laki nne ya gesi na kiingilio kimoja. Kwa bei ya asubuhi ya leo ni ether 0.0001 hata haifiki. Mama aliyevuna msimu huu ana haki ya kuiona kilo yake msimu huu.

Mdogo wako akifika bandarini mwambie aongeze vitu viwili kwenye mkataba mpya: kila mgao uwe na namba yake na mkataba umkatae mtu aliyekwishapewa chini ya namba hiyo, na uikatae orodha yenye anwani iliyojirudia kabla ya kuanza kazi. Kumbukumbu hiyo inaweza kuandikwa kwa alama ndogondogo, watu 256 kwenye mstari mmoja, kwa hiyo kwa wote 640 ni mistari mitatu tu. Haitakuongezea gesi ya kukutisha.

---

Maalim wa Wete

Nami namuomba Bi Katibu ruhusa. Jumamosi nitakuja Micheweni kwa mjukuu wangu. Kama wale kina mama 14 watapenda, nitakaa nao mmoja mmoja niwaoneshe namna ya kuisoma namba kwenye simu, nikianza na yule aliyekwanguliwa mapolo yake.

---

BintiMicheweni

Karibu sana Maalim. Yeye na binti yake wamo katika hao 14. Jumamosi maji yanajaa asubuhi, kwa hiyo hadi saa nne watakuwa nyumbani. Nitawaambia wakusubiri kwangu.